Filamu ya Baba Kabla ya Jumatatu

Mimi nikishasema jambo, nimesema. Nilimwambia mdogo wangu tangu Alhamisi, kwa simu, taratibu kabisa, kwamba anunue programu ya kulipia ya kuchezeshea zile diski za Blu-ray, aiweke kwenye kompyuta yake, aijaribu huko huko kwake, ndipo aje. Akaitikia, "Sawa, Dada." Sasa mtu akikuitikia sawa upesi namna ile, jua hajasikia kitu. Jumamosi asubuhi akatua sebuleni kwa Baba na kompyuta kwapani, mkoba wa nyaya begani, na tabasamu la mtu aliyekwisha kuipata njia ya mkato.

"Programu umenunua?" nikamuuliza kabla hajavua viatu.

"Kununua ya nini, Dada, na za bure zimejaa tele?"

Huyo ndiye mdogo wangu. Nyumbani tulimpa jina la Dezo tangu yuko shule, kwa sababu hajapata kulipia kitu ikiwa kuna mtu mahali fulani anakigawa. Kazi yake ni kufunga mitandao maofisini, na anaijua, sitamsingizia. Lakini mimi kazi yangu ni kushona mapazia, na nimejifunza kwamba kitambaa cha kuokota hukuumbua siku ya wageni. Nikamwambia hivyo. Akasema kompyuta si kitambaa. Nikamwambia kukuumbua ni kule kule.

Kilichonitia kiherehere ni Jumatatu. Baba alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilizimika kitambo, na la kulia lilikuwa linasuasua, na Jumatatu ilikuwa siku ya kupasuliwa. Daktari wake, mama mmoja mwenye sauti laini na maneno makavu, alitueleza bila kuzunguka: huenda jicho likatengemaa, huenda tusilipate tena. Akatuonya pia kwamba kabla ya siku hiyo, Baba akiona giza linaingia ghafla, tumkimbize hospitali papo hapo, maana jicho la namna ile halingoji. Baba alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Mwisho wa juma naruhusiwa kutazama filamu?" Daktari akacheka, akasema anaruhusiwa.

Na filamu yenyewe si filamu yoyote. Baba alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema, ujana wake wote, mpaka jumba likageuzwa ghala la magodoro. Filamu aliyoionyesha kuliko zote ilikuwa ile ya garimoshi, mwanamke anayelinda lango la reli kwenye kituo kidogo, analifungua na kulifunga, na kila garimoshi likipita anatazama madirishani kama kuna mtu anayemfahamu. Watu walirudi kuitazama mpaka mikanda ikachubuka. Ila Baba mwenyewe hakuwahi kuiona mwanzo hadi mwisho. Filamu ilikuja katika mikanda minane, na huu ukikimbia yeye yuko mgongoni mwa mashine ya pili anaandaa unaofuata. Alichungulia vipande vipande kwenye kidirisha cha ukutani, na zile mashine zilinguruma hata usimsikie aliye pembeni yako. "Yule mwanamke namjua kwa uso," alizoea kutuambia, "kwa maneno simjui."

Kwa hiyo aliiomba kabla ya Jumatatu. Dezo ndiye aliyeitafuta diski, akaiagiza mbali, akailipia. Naam, akailipia. Nilitamani ile risiti niitie fremu.

Jambo jingine ni kwamba mimi na Dezo tulikuwa hatuzungumzi. Tangu tumzike mama tulikuwa tumenuniana, kwa mambo ambayo ukimsimulia mtu baki yanaonekana ya kitoto, na hayakuwa ya kitoto. Baba ndiye aliyekuwa posta yetu. Mwambie dada yako kadha, mwambie mdogo wako kadha. Simu ile ya Alhamisi ndiyo iliyokuwa ya kwanza, na nilipoikata nikajikuta nimeifinya simu mpaka vidole vinauma.

Basi tukaanza. Mimi nilikuwa nimeshaning'iniza mapazia mazito, yale ninayowashonea watu wanaolala mchana, na sebule ikawa giza la kutosha. Dezo akaweka projekta aliyoazima ofisini kwao juu ya meza ya chai, akaielekeza ukutani tulipokuwa tumeondoa picha. Baba akaketi kwenye kiti chake, amevaa shati lake la kutokea, kidevu juu, tayari.

"Mnaona raha iliyoje," akasema, "mtu kuonyeshwa sinema bila kushika mashine."

Dezo akatumbukiza diski. Kompyuta ikanguruma, ikatulia, ikaandika kitu. Dezo akakuna shingo. Mimi nikimwona Dezo anakuna shingo najua mambo yameshaharibika.

"Nini?" nikauliza.

"Si kitu. Diski ina kufuli. Zote zinakuwa na kufuli. Programu za kulipia zinapewa funguo na wenye filamu. Hii ya bure inabidi tuitafutie ufunguo wenyewe."

"Yaani umekuja na mlango bila ufunguo."

"Ufunguo upo mtandaoni, Dada."

"Wa bure?"

"Wa bure."

"Eh, makubwa! Na ikigoma nimpigie simu nani?"

"Programu hii wameitengeneza watu wa kujitolea, dunia nzima. Hawamdai mtu."

"Sasa nimpigie nani kati ya dunia nzima?"

Baba akacheka. Si kicheko cha kuguna, alicheka mpaka akakohoa. Nikamletea chai, nikaiweka pale pale ninapoiweka siku zote, pembeni ya mkono wake wa kulia. Akapeleka mkono, ukapita kando ya kikombe, ukarudi, ukakipiga. Chai ikamwagika mezani, ikatambaa kuelekea kwenye projekta, na mimi nikaruka na kitambaa.

"Baba, angalia basi, jamani! Hicho ni kitu cha watu!"

"Samahani, mama. Mikono ya uzee hii."

Nikafuta kwa hasira. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, na siku ile nilikuwa situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani kuvuta pazia ambalo limeshafungwa vizuri. Saa zilikuwa zinakwenda, na nilikuwa naiona Jumatatu inakuja mbio huku sisi hatujaona hata jina la filamu.

Ufunguo wa kwanza ukakataa. Wa pili ukakubali, na ukuta ukawaka. Dezo akapiga kofi moja la ushindi, akanigeukia: "Unasemaje?" Picha ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Reli, ukungu, nyumba ndogo ya lango. Kisha mwanamke akafungua mdomo, akaufunga, ndipo sauti yake ikafuata nyuma kama mtu aliyechelewa basi. Halafu picha ikaanza kurukaruka.

"Baba, unaona lakini?" Dezo akauliza huku anabonyeza. "Ukuta unaupata vizuri hapo ulipokaa?"

"Naona, naona. Endeleeni tu."

"Hebu nisogeze kiti?"

"Kiacheni. Endeleeni."

Nikashindwa kuvumilia. Nikaingia jikoni, nikatoa simu, nikainunua mwenyewe programu ya kulipia. Nikachagua ile iliyosifiwa zaidi, nikalipa, nikaletewa namba ndefu ya leseni. Nikarudi sebuleni nimeishika simu juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

"Toa takataka yako. Weka hii."

"Dada, umelipa?"

"Nimelipa. Ndivyo watu wazima wanavyofanya."

"Pesa hiyo ungemnunulia Baba matunda."

"Matunda yatamwonyesha garimoshi?"

Tukabishana, wee! Yeye anasema wanaouza programu wanakuuzia hewa, kesho watakwambia hii imepitwa na wakati, nunua mpya. Mimi namwambia kitu cha kulipia kina mwenyewe, kikikosea unajua pa kugonga. Yeye anasema hapo utagonga mpaka vidole vichubuke. Mimi namwambia wewe hata dawa ya meno ungeipata ya bure ungeng'oa meno uijaribu. Na Baba katikati yetu, kidevu juu, uso unamng'aa, anageuza kichwa kwangu nikisema na kwa Dezo akijibu.

Programu ikaingia pole pole. Ikataka kompyuta izimwe na kuwashwa. Ikataka namba ya leseni. Ikataka intaneti ihakikishe kwamba ile namba ni namba. Mwishowe ikafunguka, na hapo nikamwangalia Dezo kwa jicho la pembeni, maana kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilikuwa kimekaa sawasawa: muziki, orodha ya sehemu za filamu, picha safi, mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Nikaanza kuvimba kichwa. Dezo akachomeka kebo ya projekta.

Ukuta ukawa mweusi. Yakatokea maandishi madogo, Dezo akayasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kunoga. Wenye filamu wanaogopa watu wasinakili, kwa hiyo programu ya halali hukagua kila kifaa njiani, mpaka kile cha mwisho, na projekta yetu ilikuwa ya zamani mno, haikuwa na ulinzi unaotakiwa. Programu inasikitika, haitaonyesha.

"Subiri," nikasema. "Yaani nimelipa ili nikataliwe?"

Dezo akaketi sakafuni. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilitaka kumrushia mto, nikauinua kabisa, kisha kicheko kikanitoka na mimi. Jamani, nilicheka! Tulicheka wote wawili, mimi nimejiegemeza ukutani na lile neno la kusikitika linanimulika kifuani. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo tukiwa chumba kimoja.

"Tutazame kwenye kompyuta basi," nikasema nilipopata pumzi.

"Haiwezekani, Dada. Mtu kaonyesha sinema maisha yake yote, leo umtazamishe kwenye kioo kama sahani?"

"Popote pale ni sawa," Baba akasema.

"Hapana, Baba," tukajibu kwa pamoja.

Tukarudi kwenye ile ya bure. Sasa tulikuwa tumeungana, adui mmoja. Dezo akachezea mipangilio, mimi nikasimama ukutani kumwambia mdomo umetangulia au sauti imetangulia. Rudisha kidogo. Peleka. Hapo hapo! Ikakaa. Mwanamke akasema na sauti ikatoka mdomoni mwake. Filamu ikaanza upya, na safari hii ikaenda. Dezo akanong'ona kwamba bado picha inasitasita, anajua duka moja kule mjini lenye kebo nzuri zaidi, anakimbia mara moja. Akatoka.

Nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza.

"Kumbe ana sauti nzito," akasema. "Miaka yote nilidhani ana sauti nyembamba. Na kumbe yule mtu wa mizigo anamtania. Nilikuwa nadhani wanagombana."

"Baba, tulia utazame."

"Natazama, mama."

Filamu ikasonga, karibu saa nzima. Garimoshi likapita, tukalisikia kwenye spika mpaka vikombe vikatetemeka. Kisha picha ikaganda. Mara moja tu, ikaganda, ikafifia, na ukuta ukabaki na rangi ya kijivu tupu. Sauti haikukatika. Mwanamke aliendelea kusema na upepo uliendelea kuvuma. Nikasonya, nikainuka kwenda kubonyeza chochote nitakachokikuta.

"Mtazame sasa," Baba akasema, akanyoosha kidole ukutani. "Mtazame anavyolishusha lango. Hapa ndipo napapenda. Sasa anageuza shingo hivi, nywele zinampiga usoni. Umeona?"

Nikatazama ukuta. Hapakuwa na kitu.

Nikamtazama Baba. Alikuwa anatabasamu, jicho limekaza mbele, na mwanga wa kijivu umemjaa usoni. Nikaenda nikasimama mbele ya projekta, kati yake na ukuta, kivuli changu kikafunika kila kitu. Hakusema nisogee.

"Baba."

"Naam."

"Mimi niko wapi?"

Kichwa kikageuka kidogo, kikatafuta. "Si uko kwenye kochi?"

Nilirarua mapazia. Sikuyafungua, niliyararua, yale niliyoyashona kwa mkono wangu, na jua la mchana likaingia lote sebuleni, likampiga usoni. Hakukunja hata uso.

"Yesu na Maria! Baba, huoni! Huoni kitu! Tangu lini?"

"Usipige kelele, mama. Acha kwanza filamu iishe. Imebaki mikanda mitatu."

"Tangu lini, nimekuuliza!"

"Nimesema acha iishe."

Sikuacha. Nikapiga magoti, nikamvisha viatu, cha kushoto nikakiweka mguu wa kulia, nikakivua, nikalia, nikamvisha tena. Nyuma yangu yule mwanamke alikuwa anaendelea kuzungumza na mtu ambaye simwoni. Nikamwinua Baba kwa kwapa. Kupita mlangoni akagonga bega, na hapo nikakumbuka kikombe cha chai, na maneno niliyomfokea, nikatamani ulimi wangu ukatike.

Dezo tulikutana naye getini, anahema, kebo mkononi. "Dada, nimeipata!"

"Tafuta teksi!"

"Kuna nini?"

"Tafuta teksi, Dezo! Baba haoni!"

Aliitupa ile kebo chini na kukimbilia barabarani kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Ndani ya gari alikaa mbele, anamsihi dereva kila taa nyekundu. Mimi nilikaa nyuma nimemshika Baba mkono. Sisi ambao asubuhi nzima tulikuwa hatuwezi kufumba midomo, sasa ilikuwa kimya hata tukasikia saa ya dereva. Baba alikuwa anageuza kichwa huku na huku, kama asubuhi ile, ila sasa hakuwa anatabasamu.

Kwa bahati daktari wake alikuwa zamu. Akamketisha, akamvuta kope, akammulika na kile kitochi chake, kisha akammulika tena.

"Giza lilianza lini?" akauliza.

"Mchana huu," nikajibu. "Tulikuwa tunatazama filamu. Ametuambia anaona, tumemuuliza..."

"Hapana," Baba akasema. "Asubuhi. Lilishuka lote mara moja, wakati hawa wanaanza kubishana programu ya bure na ya kulipia."

Daktari akashusha tochi. "Mzee wangu, nilikwambia nini mimi? Si nilisema papo hapo? Mbona hukuwaambia?"

Baba akapapasa mikono ya kiti, akaikuta, akaishika.

"Walikuwa wanaongea," akasema. "Hawa wawili hawajaongea tangu mama yao aondoke. Nikajua nikitaja jicho, watanyamaza."

Daktari alikuwa ameshafungua mlango anaita wauguzi, anasema chumba cha upasuaji kiandaliwe sasa hivi, si Jumatatu, sasa. Nilimuuliza kama tumechelewa. Akasema hajui, akatoka nje akikimbia, na daktari akikimbia unajua. Nikamtazama Dezo. Alikuwa amesimama kwenye kona, mdomo wazi, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na hakuwa anayafuta. Asubuhi nzima. Ukuta mzima tuliupima, kebo tulizipima, mdomo na sauti tulivipima, na jicho la Baba lilikuwa linakufa hapo hapo kwenye kiti kati yetu.

Wakaja na kitanda cha magurudumu. Wakamlaza, wakamfunika, wakaanza kumsukuma kwenye ile korido ndefu, na sisi tukafuata nyuma, viatu vyetu tu ndivyo vinasikika. Baba akainua kichwa kwenye mto.

"Mko wapi?" akaita. "Mbona mmenyamaza? Ongeeni basi, nijue mlipo."

Nikailazimisha sauti itoke.

"Dezo," nikasema, "ile programu yako ya bure ni takataka."

Nikampiga kiwiko. Akavuta kamasi, na sauti ikamtoka imepasuka vipande vipande.

"Na yako ya kulipia, Dada? Ya kulipia ndiyo imeonyesha nini?"

"Picha yake ilikuwa safi. Kila mtu ameiona."

"Kwenye kioo kama sahani!"

"Hata kama! Mdomo na sauti vilikwenda pamoja, yako je?"

"Yangu haikumkataa mtu!"

Muuguzi akatugeukia kwa ukali, akataka kutuambia hapa ni hospitali, akamwona Baba, akaacha. Tukaendelea hivyo hivyo, tunalia na tunabishana, mpaka kwenye ile milango miwili, na ilipofungwa tukaendelea kwa sauti kubwa zaidi, ili atusikie huko ndani.